Ukuta na Kamba ya Mlango wa Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mwalimu wa udereva ambaye nusu ya madereva wa mji huu walipita mikononi mwake. Mlimwita Mwalimu Taratibu, maana neno hilo alimwambia kila mwanafunzi, hata aliyekuwa amesimamisha gari. Mwalimu Taratibu ametutoka. Tumezungumza na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba yao, na nawaambia mapema: dada huyu ana hasira. Ana hasira na kaka yake, na kisa ni gari la nyumbani.

Baba yao alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alinunua gari kuukuu la kubebea ngazi na makopo yake. Lilikuwa limeliwa na kutu, na kutu ilimkera. Siku moja akachukua rangi iliyobaki kazini, rangi ya ukutani jamani, akalipaka gari kwa brashi. Akarudia, akarudia tena. Akapaka bodi, akapaka na vitasa. Rangi ikaingia ndani ya kitasa cha mlango mmoja wa nyuma, ikakauka humo humo. Mlango ule haukushika tena. Na gari likaitwa Ukuta.

"Tukipita, watoto wa mtaani wanapiga kelele, Ukuta unatembea! Ukuta unatembea!" anasema dada. "Natamani nijifiche chini ya kiti. Lakini nitajifichaje, na mimi nimeshika kamba?"

Sasa sikilizeni habari ya kamba. Mama alifunga kamba kwenye mlango ule mbovu, na kila safari ilibidi mtu akae nyuma aivute, mlango usije ukafunguka njiani. Mtu huyo alikuwa kitinda mimba. Kaka yake alikaa mbele na baba, anatazama gia zinavyoingia. Yeye yuko nyuma na kamba, vidole vimekufa ganzi, halafu anageukiwa na kaka yake: "Kaza, mdogo wangu, kaza! Ukilegeza utadondoka." Akiomba naye akae mbele, jibu lilikuwa lile lile.

"Ukikua."

Haya, akakua. Baba akafariki, Ukuta ukabaki kwa kaka, na kaka akawa mwalimu wa udereva. Akafundisha muuza mkaa. Akafundisha mkunga. Akamfundisha hata jirani yake mwenye miwani minene, ambaye aliligonga lango lake mwenyewe akiwa anatoka kwenda kuonyesha leseni. Mdogo wake hakumfundisha. Dada akachoka kusubiri, akaenda kujifunza kwingine, na leo anaendesha lori la saruji. Lori lenye tela, wasikilizaji! Analirudisha kinyumenyume kwenye vichochoro ambavyo mimi ningeshuka hata kwenye baiskeli nikaikokota.

Lakini akija kumtembelea kaka yake, na ikabidi watoke, kaka alimfungulia mlango wa nyuma, akamfungia mwenyewe. "Huu Ukuta una tabia zake, huwezi kuujulia. Kaa hapo ushike kamba."

"Nilikuwa nanyamaza," anasema dada. "Kaka ni kaka. Lakini moyoni natokota."

Alikuwa anataka kitu kimoja tu. Kaka yake amwambie, kwa mdomo wake, njoo mbele uendeshe.

Mwalimu alipozidiwa, miguu ilikuwa imevimba, haiwezi kukanyaga breki wala klachi. Dada akanyoosha mkono. "Kaka, leo nipe funguo nikupeleke hospitali." Kaka akazitia mfukoni. "Nikipona tutatoka wote, na utaendesha wewe." Akapelekwa na gari la jirani, yule yule wa miwani minene. Hakurudi.

Siku ya mazishi, Ukuta ulikuwa umejaa ua wote, viti vya waombolezaji havina pa kukaa. Wifi yake, mjane wa marehemu, akamletea funguo auondoe. Dada akaanza na mlango wa nyuma, kwa mazoea, aufunge kwa kamba. Akausukuma kidogo. Mlango ukashika. Akaufungua, akausukuma tena. Ukashika. Kitasa kilikuwa kipya.

"Wifi, huu mlango umetengenezwa lini?"

"Mbona zamani? Hata watoto walikuwa hawajaanza shule."

"Na hii kamba inafanya nini hapa?"

Wifi yake akainamisha kichwa. "Nilitaka kuitoa, akanikatalia. Akasema, ukiitoa, mdogo wangu akija atakaa wapi? Hapo ndipo pake."

Dada akaingia mbele, akakaa kwenye usukani, akalia kwa hasira. Tuliongea naye siku chache baadaye na hasira ilikuwa bado haijapoa. "Mimi nangoja aniite mbele, kumbe yeye ananitunzia nafasi nyuma! Alinipenda, najua. Lakini alimpenda yule mtoto wa kamba. Mimi huyu hakuniona." Siku ile ya mazishi, alipomaliza kulia, akawasha gari. Ukuta ukawaka mara moja, ukatoka uani bila hata kukohoa. "Hauna tabia yoyote," anasema. "Mwenye tabia alikuwa yeye."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa watoto na kwa wote waliofundishwa na Mwalimu Taratibu, tunawapa pole kutoka moyoni. Na wewe unayetusikiliza, tazama vizuri nyumbani kwako. Huenda kuna mtu amekaa nyuma siku nyingi, ameshika kamba ya mlango uliokwisha kutengenezwa. Mwite mbele leo, ungali na sauti ya kumwita.

Dada ametuomba tufikishe neno moja hewani, kwa kaka yake. Ukuta sasa anauendesha yeye. Kamba hajaikata. Ila anasema asifurahi huko aliko, hajamsamehe bado.