Asubuhi Niliyobeba Tepu Kiamaiko

Wenzangu wa chama chetu cha wauza mbuzi, na wageni mliokuja kutusikiliza, mwenyekiti amenipa dakika chache, naye anajua dakika chache hazijawahi kunitosha. Mnivumilie.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la tano nikaingia soko la mbuzi la Kiamaiko kulinda mbuzi wa watu. Leo nina zizi langu, nina nyumba, na hakuna mtu hapa anayenishinda kukisia uzito wa mbuzi kwa mkono. Nampapasa mgongo na kiuno, nakutajia kilo. Anayebisha tutoke nje sasa hivi.

Binti yangu alipoitwa chuo kikuu kusomea kompyuta, nilitangaza kutoka Majengo mpaka Huruma. Alichokuwa anasoma hasa sikukijua. Nilikuwa namletea redio mbovu za majirani. Ananiambia, "Baba, mimi naandika programu, sitengenezi redio." Namjibu, "Iangalie tu."

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kubuni kazi yake mwenyewe, na bila hiyo hamalizi chuo. Yeye akaja na wazo: unampiga mbuzi picha kwa simu, simu inakutajia kilo. Lakini simu lazima kwanza ifundishwe, kwa picha za mbuzi wengi waliopimwa kwa tepu na mizani. Akaniomba mbuzi wangu.

Ndugu zangu, nilimkatalia. Sokoni kwetu mbuzi aliye hai hapimwi, mnajua. Mnunuzi anakisia, wewe unakisia, mwenye mkono mzuri ndiye anayekula. Nikamwambia, "Mkono huu ndio umekusomesha, sasa unataka simu iufukuze kazi?" Akaenda kwa wafugaji Kajiado, wikendi baada ya wikendi, miezi mitatu, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Sasa sikieni nilivyoanguka. Kompyuta yake ilianza kuwa nzito. Mimi, baba ninayemjua kila mtu, nikaichukua bila kumuuliza nikampelekea fundi wangu. Nikamwambia, "Futa takataka zote, iwe kama imetoka dukani." Fundi akafanya nilivyomwambia. Programu yenyewe binti alikuwa ameihifadhi pia mtandaoni. Lakini picha na vipimo vya mbuzi vilikuwa vingi, bando haikutosha kuvipandisha. Vilikuwa kwenye kompyuta ile tu. Na zilikuwa zimebaki wiki tatu aonyeshe kazi yake.

Hakulia. Alifunga kompyuta akasema, "Basi, Baba. Nitakuja nikusaidie zizini."

Maisha yangu yote nimefanya kazi ili mtoto wangu asisimame kwenye damu na mavi ya mbuzi, na ni mimi niliyemrudisha huko.

Siku ya tatu nilifika sokoni kabla ya wanunuzi, tepu ya fundi cherehani iko shingoni. Nikawaita nyinyi wenzangu, nikawaeleza yote, hata lile la kumkatalia. Mmoja wenu, namwona pale nyuma anacheka, akasema, "Mzee wa mkono leo anashona suti?" Mwingine akauliza, "Mnunuzi akizijua kilo zangu, mimi nitauza nini?" Nikasema tu, "Nawaomba." Mimi, ambaye sijawahi kuomba mtu hata kiberiti.

Ndipo yule mama mwenye zizi la pembeni akafungua mlango wake. "Anza na wangu. Na hiyo tepu mpe msichana wako, wewe utatupima vibaya."

Wiki mbili nzima, kila asubuhi, mlifungua mazizi. Wengine mlishika pembe, wengine mlitundika mizani, huku mnamtania binti yangu, "Daktari, huyu ana homa?" Mbuzi wa kwanza nilisema kilo thelathini, mizani ikasema ishirini na tano. Mlicheka mpaka mkaegemeana. Siku hiyo nilikuwa na mawazo, si mkono uliokosea.

Siku ya kuonyesha kazi nilikuwepo, nimevaa suti. Mwalimu mmoja akamuuliza, "Wafanyabiashara walikubali vipi mbuzi wao wapimwe?" Binti yangu akasema, "Baba aliwaomba." Aliyosema baada ya hapo sikuyasikia vizuri.

Alifaulu. Sasa ameajiriwa, anaandika programu, na mimi bado nauza kwa mkono, tena nauza vizuri.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama aliyefungua wa kwanza, na nyinyi wote mliomfuata, hata mliocheka. Fundi simlaumu, alifanya nilichomtuma. Nilidhani kulipa karo ndiko kusomesha, na kumbe mtoto alikuwa anasoma peke yake ndani ya nyumba yangu. Kwa hivyo wewe uliye na mtoto chuoni, anasomea kitu usichokielewa, rudi nyumbani leo umuulize anahitaji nini kutoka kwako. Ukishauliza, nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mimi hapo pa kunyamaza ndipo bado najifunza.