Mama Besi, Miaka Thelathini na Mitatu, na Wimbo Wenye Friji Ndani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Besi atakunja waya wa gitaa lake kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wa kituo chetu cha televisheni. Amekuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ya kituo kwa miaka thelathini na mitatu. Muziki unaotangulia taarifa ya habari, muziki wa kipindi cha watoto, muziki wa salamu za Jumamosi, kote huko ile sauti nene inayopita chini ya nyingine ni vidole vyake.

Kamati ya kuaga imeniomba niandike mimi, fundi wa sauti, kwa kuwa nimemsikiliza kupitia kioo cha chumba cha mitambo kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote aliyebaki. Sababu ya pili mnaijua. Marehemu mke wangu, mwimbaji wetu mliyemwita Chiriku, alikuwa kwake kama mdogo wake wa damu. Mama Besi ananiita shemeji, nami namwita hivyo hivyo. Nitaeleza pia habari za wimbo ambao wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye ngazi, ule wa mwisho wa Chiriku, uliokaa mwaka mmoja na nusu bila kutolewa. Mama Besi alikuwa ameahidi kuumaliza kabla hajastaafu.

Hakuajiriwa kupiga muziki. Alikuja hapa kama mhudumu wa mapokezi, binti wa fundi cherehani, mwenye sauti ya upole kwenye simu. Siku moja alipeleka chai kwenye chumba cha mazoezi akakuta bendi imekaa tu, mpiga besi hajatokea. Akasema shuleni aliwahi kupiga kidogo, anaweza kumshikia mwenyewe mpaka arudi. Mwenyewe hakurudi, alikuwa amepata kazi ya kuuza vipuri vya magari na ikamkubali. Mpaka leo ukimuuliza Mama Besi cheo chake, anakwambia yeye anamshikia mtu.

Kuhusu muziki ana maneno machache na hayabadilishi. Anasema wimbo usioweza kuimbwa jikoni bila spika, hata studio haitausaidia. Anasema mpiga besi ni kama mtu anayeshika ngazi mwenzake akipanda: hakuna anayemtazama, na asithubutu kwenda kunywa maji. Kijana wa gitaa la solo akianza kumwaga noti nyingi mazoezini, Mama Besi humsubiri amalize, kisha anamuuliza kwa upole, "Baba, ulikuwa unakimbizwa na nani?" Kijana huyo sasa ana watoto wawili na bado anaulizwa.

Televisheni, iliyomlipa mshahara muda wote huu, hajawahi kuiamini. Anasema ni nzuri kwa mpira na hali ya hewa, na kwamba muziki uliingizwa humo kwa kuwa palikuwa na nafasi. Kwa miaka yote wapiga picha wetu wamemwonyesha mwimbaji, mpiga solo, mpiga ngoma, hata maua ya mezani. Yeye ameonekana bega. Mama yake mzazi, alipokuwa hai, aliwaita majirani waje kumwona mwanawe, wakaja, wakakaa, wakaona bega la kushoto kwa dakika nzima. Bibi yule alipiga simu hapa kituoni kuuliza kama binti yake ana kosa lolote. Mwongozaji wa kipindi aliomba radhi, na wiki iliyofuata Mama Besi akaonyeshwa uso mzima, akipiga chafya.

Jambo alilolikataa kabisa ni kujifanya. Kwenye sherehe moja kubwa ya kituo iliamuliwa kwamba wimbo utapigwa kutoka kwenye mkanda, na bendi ifungue midomo na kuchezesha vidole tu. Mama Besi alichomoa waya wa gitaa lake akauweka mapajani, watu wote wauone. Katikati ya wimbo mkanda ukakwama. Mgeni wetu mashuhuri aliendelea kuyumba na kufungua mdomo bila sauti, kama samaki kwenye ndoo. Mama Besi akauchomeka waya, akaanza kupiga, na msichana mmoja wa kuitikia, aliyekuwa mgeni kazini, akaushika wimbo pale pale ulipoanguka. Mimi nilikuwa nafungua maikrofoni kwa mikono miwili, sijui hata ipi ni ipi. Yule msichana alikuwa Chiriku. Alipotoka jukwaani alikuja kwenye mitambo kuniuliza kwa nini nimechelewa kumfungulia, akanisema mpaka chai ikapoa. Miezi minane baadaye tulioana, na Mama Besi ndiye aliyesimama upande wake.

Lakini moyo wa Mama Besi haukuwa hapa. Ulikuwa nyumbani kwake, kwenye chumba cha kulala, ambako kila Jumapili asubuhi alikuwa akirekodi. Aliamini studio kubwa humtisha mtu, anaimba kama aliyeitwa ofisini, ilhali chumba cha kulala kimeshamwona akilia na akitafuta soksi, kwa hiyo hana cha kukificha. Kabati la nguo lilifunguliwa milango yote miwili na mwimbaji akasimama akiliangalia, maana makoti ya mume wa Mama Besi hunyonya mwangwi kuliko sponji yoyote ya dukani. Chiriku alikuwa akirudi nyumbani ananukia dawa ya nondo, na mimi nikajua wamefanya kazi.

Mume wa Mama Besi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alipewa kigoda jikoni na amri ya kutokukitingisha. Kazi yake ilikuwa kuwanong'oneza wauza mboga dirishani wapite polepole. Na kabla ya yote, friji ilizimwa. Mama Besi alikuwa na chuki ya pekee na mngurumo wa friji. Aliwahi kuwarudisha watu nyumbani na nyimbo zao kwa sababu ya feni iliyokuwa chumba cha pili. Tatizo ni kwamba wakishamaliza kurekodi walisahau kuiwasha. Mara mbili nyama ya wiki nzima iliyeyuka, na bendi ikaitwa kwa haraka kuja kuila. Mpiga ngoma anasema ndizo siku pekee muziki ulipowahi kumshibisha. Baada ya hapo Mama Besi alianzisha desturi yake: ukizima friji, unaweka funguo za nyumba ndani yake. Hutoki bila funguo, na ukizifuata utakumbuka kuiwasha. Nimeiona ile nyumba na funguo zenye barafu. Walikuwa wanazipuliza kabla ya kufunga mlango.

Chiriku alipougua, Jumapili zile hazikukatika. Alikuwa akienda hata siku ambazo ngazi zetu zilimshinda na ikabidi nimshike kiuno. Wimbo wa mwisho waliurekodi akiwa amekaa kitandani, na Mama Besi amekaa karibu naye na gitaa lake, wawili tu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha Chiriku akanyamaza kidogo kuvuta pumzi, na kule jikoni mwalimu akadhani wamemaliza. Dawa za Chiriku zilikuwa ndani ya friji, na zilitakiwa zikae kwenye baridi. Mwalimu alikuwa na wasiwasi nazo tangu asubuhi. Akatoa funguo, akaiwasha.

Ikanguruma. Ikaendelea kunguruma mpaka mwisho wa wimbo, imeingia kwenye maikrofoni yote. Walipanga kuurudia Jumapili iliyofuata. Jumapili hiyo Chiriku alikuwa hospitali, na nyingine haikufika.

Hivyo Mama Besi alibaki na wimbo mmoja, umeimbwa mara moja, una friji ndani. Aliwapelekea vijana wetu wa kompyuta. Walijitahidi kweli, wakautoa mngurumo, lakini sauti ya Chiriku ikawa nyembamba, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Akawashukuru, akakataa. Mkurugenzi alimshauri autoe kama ulivyo, watu watauelewa. Akakataa pia. Alimwambia, "Nimewanyima watu kwa ajili ya feni. Leo niwape wangu una friji?" Mkurugenzi alidhani ni ukaidi. Ilikuwa ni zaidi ya hapo. Akiutoa ulivyo, amevunja neno lake la miaka yote mbele ya wanamuziki aliowafundisha kuliheshimu. Akiufuta, amemfuta mdogo wake. Na nyumbani kulikuwa na mwalimu, ambaye kila akifungua friji hiyo kuchukua maziwa alisema samahani, peke yake, hata kama hakuna mtu jikoni.

Mimi sikumsaidia. Nilikuwa sijausikia wimbo wenyewe na sikutaka. Mtu wa mitambo hupewa sauti za watu siku nzima, na nilikuwa naogopa hiyo moja. Mama Besi hakunisukuma. Kila Jumatatu alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti kibovu, akauliza kitu kile kile.

"Shemeji, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nakwama, naye alikuwa anafungua mkoba na kutoa bakuli.

Mwezi uliopita alikuja bila bakuli. Aliniambia, "Shemeji, kazi inaisha na huu wimbo siuwezi peke yangu. Njoo usikie mara moja. Ukisema tuufute, naufuta wewe ukiwepo, na sitakuuliza tena."

Nilikwenda Jumapili. Mwalimu alinifungulia mlango akanisalimia bila kunitazama usoni, akarudi jikoni. Chumbani kabati lilikuwa limefungwa. Nilikaa kitandani upande wa dirishani, Mama Besi akawasha spika ndogo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kuimba kwa Chiriku. Kuimba kwake ninako, nyote mnako, kumejaa kwenye rafu za kituo hiki na kwenye simu za watu. Ubeti wa kwanza ukapita na nikauvumilia. Kisha pumzi, kisha mngurumo. Na hapo akaongea. Si kwa sauti ya jukwaani, kwa ile ya nyumbani, ya mtu anayetafuta kijiko.

"Shemeji kawasha friji huyo. Twende tu, dada, usisimame."

Halafu akacheka kidogo puani, kama alivyokuwa akifanya akinikamata nimelala mbele ya televisheni, akaingia ubeti wa pili.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu maneno hayo. Mama Besi alidhani nimeambiwa na vijana wa kompyuta, na vijana walikuwa wameyaondoa pamoja na mngurumo, wakidhani ni uchafu. Mnamkumbuka Chiriku. Alianza kuongea kabla hajafungua macho asubuhi. Alimuuliza mlinzi habari za mguu wake, alibishana na lifti. Na baada ya msiba nilipotafuta, kituo kizima cha utangazaji, chenye maikrofoni kila kona, hakikuwa na sentensi yake hata moja. Wimbo ukiisha tunafunga maikrofoni. Ndiyo kazi, na nimeifanya vizuri. Binti yetu alikuwa ameniuliza kama ninayo hata salamu moja ya mama kwenye simu, nikamwambia sina.

Nikasikia kitu kingine, labda kwa sababu ya mazoea ya kazi. Friji ilipoanza kunguruma, gitaa la besi lilisita. Kidogo sana, kama mguu unaotafuta ngazi gizani. Mama Besi alikuwa karibu kusimama. Chiriku alipomwambia asisimame, akashika tena, na hakuachia mpaka mwisho.

Wimbo ulipokwisha aliniuliza, "Unaonaje, fundi?" Kwa miaka yote hakuwahi kuniita fundi. Alikuwa ananiuliza kama kazi.

Nikamwambia, "Usiguse kitu."

Alizima spika. Kisha akasema, "Basi yule mtoto kanishinda mpaka mwisho," akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Aliuliza kama kweli hatutoi ile sauti yake ya friji. Mama Besi akamwambia, "Mume wangu, umo kwenye wimbo, itabidi uzoee." Mzee wa watu akageuka, akaenda kuchemsha chai, na tulimsikia akigonganisha vikombe bila kujali kelele. Siku hiyo hiyo Mama Besi alikata ncha mbili, ya mwanzo na ya mwisho, akaandika tarehe. Kazi ikaisha.

Siku ya kuagana, baada ya hotuba, wimbo huo utapigwa kwenye studio kubwa kama ulivyo. Nimewaomba walio kwenye mitambo wakae mbali na vitufe. Wale waliowahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya feni wameahidi kuja wote, na wamesema wana maneno ya kumwambia.

Mama Besi, kituo kinakushukuru kwa kutushikia ngazi muda wote huu tukipanda na kuonekana sisi. Binti yangu anamshukuru mama yake mkubwa, na sasa anaweza kusikia mama yake anavyoongea kila anapotaka. Mimi nakushukuru kwa kuwa alipokuambia usisimame, hukusimama. Nenda nyumbani, shemeji. Tunakuombea afya ya vidole na masikio, Jumapili nyingi zisizo na saa ya kazi, na maisha mema marefu, wewe na mwalimu, katika nyumba yenye kelele zake zote.