Shelfu Isiyotaka Kukaa

Benchi la mbele ya duka la vifaa la Bi. Yurkanin lina ubao mmoja uliopasuka, na kila anayelikalia anajua litambana wapi. Hapo ndipo wazee wa mji ule wa makaa ya mawe, kule milima ya Pennsylvania, wanapoanzia siku tangu migodi ilipofungwa na viwanda vya mashati vikafuata. Kahawa ni ya bure, iko ndani karibu na ndoo za misumari, ila sheria ni moja: anayemaliza jagi ndiye anayepika jingine. Kwa hiyo kila mtu anamimina kwa hesabu, anaacha kahawa ya kidole kimoja chini ya jagi, anatoka haraka huku anaangalia pembeni. Yupo Leo Halupka, mkandarasi wa zamani, wanamwita Maneno kwa kuwa nyumba alizojenga kwa mdomo ni nyingi kuliko alizojenga kwa mbao. Yupo Gomer Pryce, mtoto na mjukuu wa wachimba makaa, jina lake Handaki, maana hata jino likimuuma atakwambia ni mgodi. Yupo Carmine Balducci, yeye ni Redio, na hana swichi ya kumzima. Halafu yupo Casimir Dudek, dereva mstaafu wa basi la shule. Huyu ni Breki. Hajawahi kupita njia panda bila kusimama, hata akiwa anatembea kwa miguu. Asubuhi hiyo ya Oktoba, Breki alitoka dukani na mfuko mwingine wa skrubu, akaketi, na wenzake wakautazama ule mfuko.

— Usiniambie imeanguka tena, alisema Maneno.

— Imeanguka.

— Kha! Shelfu gani hiyo? Shelfu au mlevi?

— Jumapili mchana, alisema Breki. Tuko mezani na Verna. Hata pierogi zake, yale maandazi ya kuchemsha ya viazi, hazijapoa. Mara puu! kule chumbani, kwenye lile kabati la ukutani.

Redio alipiga mluzi. Mji mzima ulikuwa unajua habari za Verna Stofko, mjane wa mtaa wa kanisani, na kwamba Breki amemwomba waoane.

— Akasemaje?

— Akaweka uma chini. Akasema, "Casimir, Jumapili hii nakuja nikupe jibu. Lakini kitu kikianguka tena ndani ya nyumba hii, naondoka na sirudi." Akavaa koti. Hata kahawa hakunywa.

— Basi bwana, unapoteza mke kwa ajili ya shelfu! Maneno alijipiga paja. Haya, leo tunamaliza. Wewe ulifunga wapi?

— Ukutani.

— Ukutani, anasema! Ukuta wenyewe si jipsam? Jipsam ni chaki iliyovikwa karatasi, mzee mwenzangu. Ukiitegemea ni sawa na kutegemea biskuti. Lazima utafute zile mbao zilizosimama nyuma yake. Ukiipata moja, inayofuata iko inchi kumi na sita mbele. Skrubu ikishika mbao, shelfu utailalia wewe na Verna wako.

— Nimezitafuta, Breki alisema. Nina kile kidude kinacholia kikikuta mbao. Kinalia vizuri tu. Naweka alama ya penseli, natoboa, drili inazama kama kwenye siagi. Hakuna mbao. Nikipitisha kidude tena, sasa kinalia pengine.

— Betri zimekwisha hizo.

— Sebuleni hakidanganyi hata mara moja. Ni kabatini tu.

Maneno alikunywa funda dogo la kahawa, akijifanya ni kubwa.

— Sawa, alisema. Tuseme mbao hazipo. Kuna skrubu za mabawa. Unaziingiza zimekunjwa, zikifika nyuma ya ukuta zinafunguka, zinabana. Hizo hazitoki.

— Ndizo nilizofunga safari iliyopita.

— Zikatoka?

— Zikatoka.

— Basi ukuta umebomoka. Limetoka bonge zima la jipsam.

— Hakuna bonge, Maneno. Matundu yako vilevile, mviringo, safi, kama nimeyatoboa sasa hivi. Na zile skrubu nimezikuta sakafuni.

— Zimetawanyika.

— Zimepangwa, alisema Breki. Kwa mstari. Vichwa vyote vimeelekea upande mmoja.

Lori la changarawe lilipita barabarani na benchi likatetemeka kidogo. Breki hakuwaambia mengine. Marehemu mke wake, Doreen, alifanya kazi miaka mingi kiwanda cha mashati, na jioni akishona nyumbani alikuwa akipanga pini zake mezani hivyohivyo, kwa mstari, vichwa upande mmoja. Alikuwa hawezi kuziacha vinginevyo.

— Mimi nitawaambieni, Redio alijisogeza. Ule mnara wa simu waliousimamisha juu ya kilima. Ile mitambo inatoa mawimbi. Mawimbi yanatikisa chuma. Shemeji yangu meno yake ya bandia yanamwimbia!

— Shemeji yako analewa, alisema Maneno.

— Analewa, lakini meno yanaimba! Na kama si mnara, basi ni ukuta wenyewe. Nyumba za zamani zinavuta pumzi, jamani. Mchana zinavuta, jioni zinatoa. Nyumba ikishachoka kubeba kitu, inakitema.

— Inakitema mchana kweupe, mbele ya mgeni?

— Inachagua!

— Nyinyi wote hamjui mnachosema, alisema Handaki. Mtaa wa Breki uko juu ya mgodi wa mashariki. Chini ya jikoni kwake ni tupu. Uliza wazee.

— Wazee ndio sisi, Redio alisema.

— Basi niulize mimi. Nilikuwa mdogo paa la mgodi lilipoanguka. Wengine waliokolewa. Wengine, akiwemo Ivor, baba yake Doreen, walibaki nyuma ya kifusi. Mama yangu alinishika mkono tukaenda pale mlangoni, mtaa mzima umesimama kwenye matope. Walisikika wakigonga, jamani. Wanagonga mabomba ya hewa. Watu wakawa wanawajibu, nao wanagonga. Halafu wakaacha. Wenye mgodi wakaleta saruji wakaziba, na wale watu wako humo mpaka leo.

Aligeuka akamtazama Breki.

— Doreen alisimama karibu yangu. Amevaa koti la kaka yake, mikono imemzidi. Hakulia. Anasikiliza tu.

— Ndiyo, alisema Breki. Alinisimulia.

Alimsimulia mara moja tu, na hakuhitaji kurudia. Miaka yote ya ndoa yao Doreen hakulala mlango umefungwa. Kushuka stoo ya chini kuchukua chupa za achari ya matango ilikuwa kazi ya Breki. Na alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho, alimshika Breki kidole kimoja, akamwambia, "Usinizike, Kaz. Nichome. Halafu uniweke popote, ila pasiwe na giza." Breki akaahidi. Mjini alisema atazikwa kifamilia, baadaye, na watu wakaliacha hapohapo. Kumbe majivu yake yalikuwa ndani ya chombo cha udongo cha bluu, dirishani jikoni, pale jua la asubuhi linapoingia, na kila siku Breki alimwambia habari za benchi.

— Kwani unaweka nini juu ya hiyo shelfu? Maneno aliuliza. Vyuma?

— Blanketi.

— Blanketi tu?

— Blanketi tu.

Blanketi lilikuwepo kweli, hakusema uongo. Ila ndani ya blanketi alikuwamo Doreen. Jumapili ya kwanza Verna alipokuja na bakuli lake la pierogi, Breki alisimama jikoni akaona hataweza kula mbele ya wote wawili. Akamfunika, akampeleka kabatini, akafunga mlango. Kwa muda mfupi tu, alijisemea. Na kila shelfu ilipoanguka, alikimbilia kule akakuta chombo kimesimama wima sakafuni, hakina hata ufa, karibu kabisa na mlango, kwa ndani. Alikirudisha juu. Alikuwa anafunga skrubu upya, na aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu.

— Blanketi haliangushi skrubu za mabawa, alisema Maneno. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Sikiliza. Hamisha shelfu yenyewe, ipande juu kidogo, ukimbie yale matundu. Chukua ubao mrefu, upige ukutani kutoka kona mpaka kona, upite juu ya mbao zote za nyuma. Kona hazikosi mbao. Nyumba isiyo na mbao kwenye kona ingekuwa imelala chini. Shelfu ikae juu ya ubao. Matundu ya zamani uzibe.

— Na wakiitaka tena wataivuta, Handaki alisema.

— Nani wataivuta?

— Wa chini.

— Gomer, acha bwana! Maneno alifoka. Tunaongelea kabati!

— Na mimi naongelea kabati.

Ndani ya duka mashine ya kukatia funguo ilikuwa inalia. Maneno alinyanyuka kwenda kuongeza kahawa, akarudi na kikombe kitupu, amekasirika.

— Nani kamaliza jagi?

— Ni mimi, mzee. Kwani vibaya?

Walikuwa hawajamwona. Mwanamke kijana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kilichojaa mpaka juu, anangoja funguo zake zikatwe. Alijitaja, anaitwa Yokasta, kwao Jamhuri ya Dominika, amehamia wiki hiyo nyumba ya kona. Maneno alitaka kumweleza sheria ya jagi, lakini binti alikuwa anamtazama Breki.

— Samahanini, wazee wangu, nimesikiliza bila kuitwa. Baba, hilo blanketi limefunika nini?

Ni swali dogo tu. Breki angeweza kusema mito, au viatu vya baridi. Alifungua mdomo kusema viatu.

— Mke wangu, alisema.

Redio alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

— Majivu yake, Breki aliendelea haraka. Alitaka achomwe. Alikuwa dirishani siku zote, sasa Verna akija... sikujua nimweke wapi.

Yokasta hakushtuka. Kwao, alisema, bibi yake yuko sebuleni, na wageni humsalimia. Akanywa kahawa. Halafu akauliza, wala hakuwa anamsuta, alikuwa anataka kujua tu:

— Sasa kwa nini umemfungia kabatini?

Maneno aliweka kikombe chake kitupu chini. Redio alizimika. Handaki alivua kofia yake taratibu, akaiweka gotini, na alipozungumza alikuwa kama mtoto.

— Doreen, Kaz? Gizani?

— Najua.

— Yule alikuwa haingii hata stoo!

— Najua, Gomer! Najua!

Machozi yalimtoka Breki mbele ya wote, na hakuyafuta. Alitoa simu mfukoni. Vidole vilikosea, akaanza upya. Verna alipopokea, Breki alikuwa ameshasahau kusogea pembeni, na sauti ya yule mama ilisikika mpaka mwisho wa benchi.

— Verna, nina jambo. Jumapili ukija utamkuta mtu dirishani. Ni Doreen. Sikumzika. Nilimficha kabatini kwa ajili yako, nimekosea, na kama utakataa kuolewa nami, nitaelewa. Lakini hakai tena mle ndani.

Kule kwa Verna kiti kilisikika kikivutwa.

— Kumbe ni yeye, alisema.

— Yeye nini?

— Anayegonga. Casimir, kila Jumapili nikiwa mezani hapo anagonga, wewe unaendelea kula tu. Nikadhani unasikia na hutaki kusema. Hicho ndicho kilichonitisha, si shelfu.

Breki hakuwahi kusikia mtu anagonga, hata mara moja.

— Anagonga wapi?

— Mlango wa kabati, alisema Verna. Kwa ndani. Anagonga, anangoja kidogo kama anasikiliza, halafu anagonga tena. Mpaka leo niko kwangu, nikifumba macho namsikia. Jumapili nitakuja. Lakini mtoe sasa hivi, baba. Mtoe kabla hajaacha.

Simu ilibaki sikioni kwake hata baada ya kukatika. Kisha Breki alisimama. Mfuko wa skrubu ulimponyoka kutoka mapajani, ukapasuka kwenye lami, na hakuna aliyeinama kuziokota, maana kila mmoja aliogopa kuona zimelala vipi. Breki alishika njia ya kwao kwa miguu yake mizee, koti halijafungwa, na walimwona akifika njia panda ya kanisani, lori la changarawe linamfungia breki, watu wanapiga kelele. Hakusimama.