Fundi Subiri na Kiti cha Mteja

Tarehe thelathini mwezi huu Fundi Subiri anatimiza miaka thelathini na mmoja katika duka letu la vyombo vya muziki, na siku hiyohiyo anastaafu. Alianza kwa kuchomelea waya kwenye karakana ya nyuma, akawa fundi wa redio, na miaka kumi na tisa ya mwisho amekuwa akienda majumbani kuwafungia wateja spika na amplifaya. Miaka kumi na mmoja kati ya hiyo, aliyembebea spika ni mimi. Dada wa kaunta, ambaye ndiye mpangaji wa jarida hili, amesema niandike mimi kwa kuwa nimekaa naye garini kuliko wote. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo naandika nilivyoona.

Jina la Subiri alipewa na mama mwenye duka, tena kwa hasira. Mteja mmoja, muuza mbao, alikuja akitaka spika kubwa zaidi kwa sababu za kwake zilikuwa zinavuma kama pipa. Fundi akamwambia asubiri kwanza tukazisikilize nyumbani kwake. Tulikuta spika moja imebanwa kwenye pembe ya ukuta, nyingine imefichwa nyuma ya kochi. Fundi akazitoa, akaziweka hatua moja mbele ya ukuta, akampangia mafiga matatu. Spika mbili ndizo figa la kwanza na la pili, alimwambia, na la tatu ni kichwa chako. Moja likisogea, chungu kinapinduka. Mvumo ukaisha. Muuza mbao hakununua hata waya.

Mama mwenye duka alimngoja mlangoni. "Nimekuajiri uuze au uhamishe makochi ya watu?"

"Subiri, mama. Atarudi."

Tangu siku hiyo mama akawa anamwita Subiri. Muuza mbao alirudi baada ya miezi minne kuchukua amplifaya mpya, na nyuma yake walikuwa mashemeji zake wawili. Jina likabaki, hasira ikaisha.

Wanaomjua kwa karakana tu hawajui alivyofanya kazi ndani ya nyumba ya mtu. Alivua viatu, akasalimia wote hadi bibi aliyelala chumbani, halafu akaenda kukaa kwenye kiti cha mteja. Si kiti chochote. Aliuliza mwenye nyumba huwa anakaa wapi, akakaa hapohapo. Kisha alipiga kofi moja. Kofi likirudi kama bafuni, alijua sauti itagonga sakafu na kuta kabla ya kufika sikioni, na sanduku halikufunguliwa mpaka zulia litandikwe na pazia zito lipatikane. Mama mmoja alimtazama akipiga makofi sebuleni, akamuuliza, "Baba, umekuja kufunga muziki au nyumba yangu ina panya?"

Hakuwahi kujaribu spika kwa wimbo wake mwenyewe. Alimwomba mteja wimbo anaoujua kuliko zote, ule anaopikia au kufulia, kwa sababu katika huo ndimo mtu hujua kilichopungua.

Mimi nilijifunza kusikiliza kwa njia hiyo. Nilikuwa na rekodi kwenye simu, shangazi zangu wakiimba wanaosha vyombo, huko kwetu ambako ni safari ya siku tatu. Nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi mno. Siku moja mchana, duka likiwa tupu, Fundi aliichezesha kwenye spika za maonyesho na kuniambia nifumbe macho. Nyuma ya shangazi zangu, mbali, upande wa kushoto, nikamsikia mama yangu akilalamika, "Nani kachukua sufuria langu?" Miaka yote alikuwa mle ndani na sikumsikia. Nilicheka mpaka nikalazimika kwenda kunawa uso. Fundi aliniambia kwamba kazi yetu ni kumtafuta mama wa sufuria katika kila nyumba.

Kosa lake moja lazima liandikwe, na mwenyewe ameniambia nisiliruke. Alimfungia mwalimu wa kwaya spika kwa kutumia waya wa rangi moja, na upande mmoja akachanganya chanya na hasi. Ikiwa hivyo, spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, na besi inafia katikati. Mwalimu akalalamika kwamba muziki hauna kifua. Fundi akadhani spika ni ndogo, akamshauri achukue kubwa zaidi, akaziunga kwenye waya uleule. Kifua hakikuja. Mwalimu alivumilia karibu mwaka mzima.

Asubuhi moja Fundi alikuwa akiunga waya kama ule karakanani. Akasimama ghafla, akaweka chini kifaa cha kuchomelea, akasema, "Twende kwa mwalimu." Tulikwenda kwa miguu, gari lilikuwa limetoka. Aligeuza ncha mbili tu nyuma ya amplifaya, na besi ikaingia sebuleni kama mgeni mnene aliyekuwa amekwama mlangoni. Mwalimu alifurahi. Fundi hakumwacha afurahi bure. Alimwambia kosa lilikuwa lake tangu siku ya kwanza, na kwamba spika zake za zamani hazikuwa na ubaya wowote. Akaziunga tena, akachukua zile kubwa ili mwalimu arudishiwe pesa zake, akaenda kulieleza jambo zima dukani mbele yetu wote. Siku ile nusura afukuzwe. Aliyemwokoa ni mwalimu, aliyekuja mwenyewe kusema kwamba kwaya yake ina waimbaji arobaini na bado hajapata hata mmoja wa kukiri kuwa ndiye aliyekosea sauti. Tangu hapo, kila waya wa chanya hapa kwetu hufungwa utepe mwekundu, na lazima watu wawili waukague.

Sasa nifike kwenye sababu ya kustaafu, maana maneno yamekuwa mengi kwenye kantini.

Mwezi wa pili tulikwenda kwa muuguzi mmoja aliyejinyima muda mrefu ili apate spika mpya za kusikilizia siku zake za mapumziko. Nyumba ilikuwa ya vigae na madirisha makubwa ya vioo. Tulifunga, Fundi akakaa kwenye kiti, akasikiliza, akasema, "Imekaa." Muuguzi alikunja uso kidogo lakini hakubisha, nani abishane na Fundi Subiri? Mimi nilikuwa nasikia kila herufi ya "s" ya mwimbaji ikikwaruza kama kisu kwenye sahani. Haikuwa mara ya kwanza. Katika nyumba mbili za kabla ya hapo nilisikia kisu kilekile na nikanyamaza. Mbeba spika utamwambiaje fundi wa miaka thelathini kwamba sikio lake limechoka?

Safari hii nilisema, "Fundi, subiri."

Akanyanyuka kwenye kiti, akaniambia, "Kaa wewe." Katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kukalia kiti cha mteja. Yeye akavuta mapazia, akapiga magoti, akaanza kuzigeuza spika zitazame pembeni mwa kiti badala ya kutukodolea macho, upana wa vidole viwili, kisha viwili tena. Kisu kilipopotea niliinua mkono. Uso wa muuguzi ukakunjuka. Alifumba macho na kutusahau kabisa.

Garini Fundi aliniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza, Fundi."

"Basi tuna nyumba mbili za kurudi."

Tulirudi zote mbili wiki ileile, na kote aliwaambia wenyewe kwa nini amerudi. Alipomaliza ya pili, ndipo alipoandika barua ya kustaafu. Hakusukumwa na mtu.

Mama mwenye duka ameniambia kwamba kuanzia mwezi ujao kiti cha mteja ni changu. Spika atabeba mwingine.

Mke wa Fundi ametupa siri moja: nyumbani kwao spika ya kulia imekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa miaka tisa, na kila akiuliza anaambiwa asubiri. Kwa hiyo wafanyakazi wote tumemwandalia stendi mbili na amplifaya mpya, na Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu tunakwenda kumfungia.

Fundi, asante kwa kazi na kwa masikio. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya, wewe na mama wa nyumbani kwako. Jumamosi usikunje mikono ya shati wala usishike waya. Andaa wimbo unaoujua kuliko zote, kaa kwenye kiti chako, na usiseme "imekaa" kwa kutuonea huruma. Makofi nitapiga mimi.