Bi Verediana na Vikao vya Nyumbani vya Bonde la Kilombero

Tarehe 31 Desemba 1958, Bi Verediana Polikarpo anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la vyombo hapa Mlabani kwa miaka ishirini na sita. Aliingia mwaka 1932 kufagia na kupanga sahani za bati. Anaondoka akiwa kiongozi wa wanawake wanane wanaouza vyombo majumbani, kutoka Kivukoni hadi vijiji vya ndani kabisa ya bonde.

Kazi hiyo alikabidhiwa mwaka 1951, ikiwa bado changa. Muuzaji humwomba mama mmoja akusanye jirani zake nyumbani, kisha huwaonyesha masufuria na mabirika huku wakizungumza. Kwa maneno ni rahisi. Lakini wauzaji wetu walirudi na vikapu vimejaa vilevile kama walivyoondoka navyo, na vikao walivyoahidiwa havikuzidi viwili kwa mwezi. Mwanzoni mwa 1953 mkuu wa duka, Mzee Teofili, alitangaza kwamba kazi hiyo itafungwa mwisho wa Septemba.

Bi Verediana alifanya ambavyo wengi wetu tungefanya: aliwabana. Aliwatungia maneno ya kusifia birika, akawakaririsha ghalani kila asubuhi. Mpaka leo naweza kulisifia birika usingizini.

Mwezi Mei alifuatana na Aurelia, muuzaji mgeni kabisa kazini, kwenda kwa Bi Digna wa Michenga. Bi Digna aliwapikia jirani kumi na watano wali kwa kambare. Walikula, wakasikiliza sifa za birika, halafu wakajitanda khanga zao na kuondoka mmojammoja bila kununua hata kijiko. Mwenye nyumba akabaki na vyungu vitupu, macho chini.

Njiani Aurelia alilia. "Mama, tunawaingilia watu kama wakusanya kodi," alisema.



Kesho yake Bi Verediana alirudi Michenga peke yake, bila kikapu. Mwenyewe husema hakumbuki alivyofika. Anakumbuka ukungu uliolala juu ya maji, mpunga ulioinama bila upepo, na miguu yake ikitembea kama ya mtu mwingine. Alimkuta Bi Digna shambani, juu ya dungu, jukwaa la miti, akiamia ndege wasile mpunga.

"Nisamehe, dada," alimwambia. "Nilikuletea watu, nikakuachia aibu."

Bi Digna akamsogezea nafasi. "Panda. Ndege hawangoji maneno."

Alikaa naye siku mbili, akigonga debe tupu na kupaza sauti kuwafukuza ndege. Wanawake wa mashamba ya jirani walikuja kwa zamu kujipumzisha kivulini, wakazungumzia watoto, mafuriko, na ndoto walizoota. Hakuna aliyehitaji kufundishwa birika ni nini. Walichotamani ni saa moja ya kukaa pamoja, pasipo mtu wa kuwaharakisha.

Aliporudi aliyafuta maneno yote ya ghalani. Chai na sukari zikawa zinatoka kwetu. Muuzaji alitakiwa afike mapema na kushika kazi yoyote atakayoikuta, hata kupepeta mchele. Bi Verediana mwenyewe alikaa nyuma kimya, na walipotoka alimuuliza muuzaji swali moja tu: mwenye nyumba amebaki na uso gani? Msimu wa kilimo, nyumba zinapobaki tupu, vikao vilifanyika hukohuko mashambani.

Baada ya mavuno Bi Digna mwenyewe aliomba kikao kingine, na wageni wake wawili wakaomba vya kwao palepale. Kufikia Septemba tulikuwa na ahadi ishirini na moja. Mzee Teofili hakutaja tena kufunga. Waliosafiri na Bi Verediana miaka iliyofuata wanasimulia asubuhi za Kivukoni, masufuria mapya yakimeta mtumbwini, wanawake wakiimba polepole, na mto mpana kama vile hauendi popote.

Kuanzia Januari, Aurelia atashika nafasi yake. Bi Verediana anahamia Mahenge kwa dada yake, Scolastica, na anasema hana mpango wowote ila kukaa barazani na kutazama mawingu yakishuka mlimani.

Nami ninayeandika haya, Hermenegildi wa ghalani, nina neno la mwisho. Mwaka ule wa 1953, mimi ndiye niliyemshauri Mzee Teofili aifunge kazi hii. Bi Verediana alijua tangu siku ileile, na hajawahi kunipita asubuhi bila kunijulia hali. Asante, dada yetu. Nenda salama, na raha uliyowapa wengine ikufuate huko uendako.