Kombi ya Makambi Yachemka Ekerenyo

Mbele ya kinu cha kusaga mahindi, hapo Ekerenyo, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Mwenyewe ni Mokeira, anayeuza kahawa ya tangawizi kutoka kwa thamosi mbili, na wanaolikalia ni wale wale kila siku. Thadeus aliwahi kuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la majani chai, na anaitwa Radieta kwa sababu ugonjwa wowote wa gari anautibu kwa maji. Mokua, mwalimu mstaafu, ni Profesa. Nyangau ni Satelaiti, maana habari zake hutoka mbali na hakuna ajuaye zimepitia wapi. Ijumaa hiyo, saa saba mchana, kombi kuukuu ya Celestine ilizimika mbele yao ikinuka oili iliyoungua. Ndani walikuwamo binti yake Ashley na watoto wengine tisa wa kubatizwa kesho asubuhi kwenye makambi ya Birongo, mikutano ya kanisa ya kila mwaka. Jua likizama Sabato imeingia, na katika kanisa lao hakuna atakayeshika spana. Asiyefika leo angengoja makambi ya mwakani.

Celestine aliwashusha watoto kivulini, akafungua mlango wa injini kule nyuma, joto likampiga usoni. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kupika chapati za safari, na hakuwa na nguvu ya kukasirika.

— Tangu pale darajani taa ya presha ya oili inanikonyeza, aliwaambia. Nikipanda, inachemka. Nikisimama injini ikinguruma tu, taa inawaka nyekundu. Oili nimepima, imejaa.

— Weka maji, akasema Radieta.

— Wapi?

— Kwa radieta.

— Thadeus, hii gari haina radieta. Inapozwa na upepo. Nimekuambia tangu Krismasi.

— Gari bila radieta hiyo ni pikipiki yenye milango. Basi mwagia juu tu.

— Nimwagie maji baridi ipasuke?

Profesa alikohoa, kama alivyokuwa akikohoa mbele ya darasa la saba.

— Tutulie. Oili imezeeka. Kitu kikizeeka, presha hupanda. Hata mimi yangu imepanda.

— Lakini hapa imeshuka, mwalimu.

— Ndiyo maana nasema huu ni ugonjwa wa kipekee.

— Yaya, yaya! alikataa Satelaiti. Ni kilima cha Manga. Kule juu kuna mawe ya sumaku. Binamu yangu alipita na saa mkononi, ikarudi nyuma dakika ishirini. Sumaku inavuta oili yote upande mmoja.

— Leo sijapita Manga.

— Sumaku haijali umepita wapi, Mama Ashley. Inavuta tu.

Mokeira alicheka hadi kahawa ikamwagika. Watoto kule kivulini walikuwa wameanza kuimba, na Radieta akainua kidole.

— Ngoja! Hao wamekuwa wakiimba tangu mtoke nyumbani?

— Njia nzima.

— Watoto kumi, sauti nne, wote midomo wazi. Ile pumzi moto inaenda wapi? Nyuma. Na injini iko wapi?

— Nyuma, akajibu Satelaiti kwa heshima.

Celestine alikaribia kuwaambia watoto wanyamaze, kisha akajionea aibu. Matatu zote zilikuwa zimekodiwa na watu wa makambi, na fundi wake alikuwa amefunga mapema ajiandae kwa Sabato. Alikuwa na hili benchi tu.

— Mchawi wako si vumbi, Profesa alimfariji. Vile vifuniko ulivyoshona ni kazi safi sana.

Alikuwa akisema juu ya matundu mawili ya ubavuni, kule nyuma juu, ambayo watu huyaita masikio. Celestine alikuwa ameyashonea vifuniko vya gunia, akavivika kitambaa cha samawati kilichobaki kwa sare za kwaya, pindo jeupe kama vitambaa vya makochi. Alishona jioni tatu. Tangu hapo injini haikuwa imeona vumbi.

Ndipo akafika Machogu, daktari wa mifugo, na buti zake zenye matope. Aliomba kahawa, akaitazama kombi kama anavyotazama mgonjwa zizini.

— Huyu alianza lini?

— Amezimika saa saba, akasema Profesa.

— Kuzimika ni leo. Nauliza, kuugua alianza lini?

Benchi zima likatazamana. Radieta alichungulia kikombe chake.

Celestine alihesabu kurudi nyuma. Wiki ile alipopeleka ndizi Kisii, kombi ilipanda vizuri na mzigo wote.

— Jumatatu iliyopita, alisema. Ndipo alianza kuchemka kwenye vilima.

— Na Jumapili, siku moja kabla, alipewa nini kipya? Malisho? Zizi?

— Hakupewa kitu. Nilimvisha tu...

Akatazama masikio ya kombi, samawati, pindo jeupe.

— Mimi gari sijui, Machogu alisema. Lakini ng'ombe ukimziba pua, atachemka.

Celestine alienda akavuta kifuniko cha kwanza kwa nguvu, uzi ukakatika. Cha pili kilimshinda kwa mkono, akakikata kwa kisu cha chapati. Aliwaambia mambo aliyokuwa akiyajua siku zote: feni huvuta upepo kupitia masikio, upepo ukikosekana injini inachemka, oili inakuwa nyepesi kama maji, na presha inaanguka.

Walingoja saa nzima ipoe. Saa tisa aliiwasha peke yake, akaipandisha hadi juu ya kilima, akarudi, akasimama mbele ya benchi injini ikinguruma. Alikodolea macho ile taa huku watoto wakipanda.

— Na nyinyi, Machogu alikuwa akiuliza, kuanzia saa saba hakuna aliyemuuliza lini?

— Tulikuwa tunafika hapo, alisema Radieta.

Mokeira aliinamisha thamosi ya pili. Halikutoka hata tone.

Celestine alimrushia Radieta vifuniko vyote viwili kupitia dirishani.

— Kalia. Benchi ni gumu.

Taa ilikuwa imezima bado. Akatia gia, watoto wakaanza ubeti wa kwanza, na hakumnyamazisha hata mmoja.