Bi Folio wa Masjala ya Idara ya Maji (1958–2024)

Ndugu, majirani na nyote mliofanya kazi na marehemu: mimi ni mdogo wake anayemfuata, na familia imenituma niwasomee haya. Yeye mwenyewe aliyapitia mwezi uliopita, isipokuwa ya siku zake za mwisho. Alifuta sentensi mbili za sifa, akasahihisha tarehe moja, na akaagiza sehemu ya binti yake isiguswe.

Dada yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba alikuwa seremala wa karakana. Mama alishona nguo za watu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo mtaani kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari, na mwaka 1977 akaingia chuo cha uhazili. Katika utunzaji wa kumbukumbu aliongoza darasa. Kwenye taipu, tuseme ukweli, vidole vyake vilikuwa vizito kama nyundo ya baba.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika masjala ya Idara ya Maji, kwa barua ya ajira ya kudumu. Enzi hizo mtoto akipata barua ile, wazazi walishusha pumzi. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, rafu kumi na mbili na ngazi ya mbao aliyoipanda hata akiwa mjamzito. Kila karatasi iliyoingia kwenye jalada aliipa namba yake, yaani folio, na asiyemrudishia karatasi alifuatwa mpaka kantini. Ndiyo asili ya jina Bi Folio.

Shemeji yetu alikuwa dereva wa idara hiyo. Katika wiki moja alikwenda masjala mara tatu kuulizia likizo yake. Mara ya tatu dada akamwambia, "Bwana dereva, likizo yako imeidhinishwa tangu Jumatatu. Sema kilichokuleta." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983 na kujaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili.

Julai 2004 mambo yalibadilika kazini. Wasoma mita, mafundi wa mabomba na wafagizi wapya hawakuajiriwa tena na idara, bali na wakala wa ajira, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kazi ilikuwa ile ile na wasimamizi wale wale, ila wao hawakuwa na majalada. Ofisa utumishi alimweleza dada kwamba mfanyakazi wa wakala si mfanyakazi wa idara.

"Sasa akivunjika mguu kwenye mtaro wetu," dada akauliza, "amevunjikia mtaro wa nani?"

Akaanza kuwafungulia majalada mmoja mmoja, akihifadhi nakala za mahudhurio, vyeti vya daktari na ripoti za ajali zilizosainiwa na wahandisi wa idara. Alikatazwa kwa mdomo, kisha mwaka 2009 kwa barua ya onyo. Aliisoma, akaipa namba, akaiweka kwenye jalada lake mwenyewe, akaendelea na kazi. Hakupandishwa cheo tena.

Mwishoni mwa 2014 wafanyakazi arobaini na mmoja waliambiwa wasirudi. Walikwenda baraza la usuluhishi wa kazi. Wakala alidai walikuwa vibarua wa kuja na kuondoka, na kwamba kumbukumbu zao zimepotea. Dada aliitwa kutoa ushahidi, akafika na majalada arobaini.

"La huyu wa arobaini na moja liko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Sikulifungua."

"Kwa nini?"

"Ni mwanangu. Niliogopa watasema natumia ofisi kumbeba."

Binti yake alikuwa amesoma mita kwa miaka sita, jua na mvua. Februari 2015 watu arobaini walitambuliwa kuwa watumishi wa idara na wakarudishwa kazini. Yeye alishindwa kwa kukosa ushahidi. Kwenye korido, huku wenzake wakikumbatiana, alimwambia mama yake, "Umewatunza watu arobaini, mama. Mimi ulinihesabu nini?"

Mwaka mmoja na miezi minne binti hakukanyaga kwa wazazi wake. Sisi ndugu tulijaribu kusuluhisha, tukazidi kuharibu. Jumamosi moja ya Juni 2016 dada alikwenda peke yake, akasimama mlangoni kwa mwanawe. Akasema, "Sijaja kujieleza. Nililinda jina langu, nikakutupa wewe. Nimekosa." Binti akasema, "Ingia, mama, chai inapoa." Leo binti huyo ni fundi bomba anayejitegemea, na mafundi wake wawili wana barua za ajira. Ziliandikwa na marehemu, kwa vidole vile vile vizito.

Alistaafu Machi 2018. Aliyepokea chumba chake alikuja na mkataba wa mwaka mmoja. Dada alimfundisha kwa wiki mbili, na aliporudi nyumbani alisema tu kwamba msichana ni mwepesi wa kuelewa, na ni hasara kumtia wasiwasi kila mwaka mkataba unapokwisha.

Oktoba 2023 figo zake zilianza kushindwa. Mara mbili kwa wiki binti alifunga kazi zake na kumpeleka hospitali kusafishwa damu. Alipolazwa mara ya mwisho, muuguzi alimuuliza nani aandikwe wa kuitwa kwanza. Mume wake alikuwa ameketi hapo hapo, na wanawe wote watatu walikuwapo.

"Binti yangu," akasema. "Mwandike wa kwanza."

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Ameacha binti, mume, wana wawili, wajukuu watano, na sisi ndugu zake wanne.

Mungu ampe mapumziko mema na amani isiyokoma.